Jiwe Halipokei Amri

Kuna kauli nimechoka kuisikia. Husemwa barazani, husemwa kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, na siku hizi huandikwa chini ya picha za Ufaransa zinazosambazwa kwenye simu: kwamba majengo ya namna ile hayawezi kutoka kwenye bunge, kamati wala kura, ila kwenye mkono wa mtu mmoja asiyepingwa. Picha yenyewe huwa ni ya Versailles. Bustani zimepigwa rula, madirisha yamekaa mstari mmoja, na jina la Louis wa 14 limeandikwa kana kwamba yeye ndiye aliyechanganya chokaa. Hitimisho mnalijua. Tumpate mwenye kauli moja, na majiji yetu yatanyooka.

Sina ugomvi na anayeipenda Versailles. Ugomvi wangu ni na historia inayobandikwa juu yake. Usanifu wa klasiki wa Ufaransa, kuanzia Pierre Lescot alipoanza bawa lake la Louvre mwaka 1546 hadi msanifu Soufflot alipofariki mwaka 1780, hauthibitishi kwamba amri huzaa uzuri. Ukiufuatilia kwenye barua za mawaziri, hesabu za waashi na nyufa za nguzo, utakuta kinyume chake. Sehemu kubwa ya tunachokishangilia ilipatikana kwa mabishano, kwa viraka, kwa fedha za watu wengine na kwa vyuma vilivyofichwa ndani ya mawe. Na si mara moja wala mbili mfalme ndiye aliyekuwa kikwazo.

Tuanze na Versailles yenyewe, lakini tusimame upande wa mji, si upande wa bustani wanakosimama wapiga picha. Mbele yetu uko ua mdogo, Ua wa Marumaru, umezungukwa na nyumba ya matofali mekundu na mawe meupe. Hiyo ni nyumba ya baba. Louis wa 13 alijenga hapo kijumba cha kulala akienda kuwinda, mwaka 1623, kisha akakijenga upya na kukikuza kati ya 1631 na 1634. Mwanawe alipotaka makubwa, wasanifu walimshauri aibomoe. Ilikuwa ndogo, mtindo wake umepitwa, tena haikuoana na lolote walilokusudia. Charles Perrault, karani wa waziri Colbert (ndiye huyo huyo aliyekuja kuandika hadithi ya Cinderella), anasimulia kwamba mfalme alikataa katakata na kusema kuwa wakiibomoa ataijenga tena vile vile ilivyokuwa.

Basi kuanzia 1668 Louis Le Vau akalazimika kuizungushia ganda la mawe pande tatu na kuuacha upande wa nne ulivyo. Wa bustani wakapata kasri la Kitaliano lenye paa bapa, wa mjini wakabaki na nyumba ya mwindaji. Katikati ya ghorofa ya juu, upande wa bustani, Le Vau aliacha baraza kubwa la wazi, jambo linalopendeza Roma na linaloudhi mahali penye baridi na mvua za Ufaransa. Miaka kumi baadaye Jules Hardouin-Mansart aliliziba baraza hilo na kuweka mahali pake Ukumbi wa Vioo, mita 73 kwa urefu, vioo 357. Chumba mashuhuri kuliko vyote nchini Ufaransa ni kiraka.

Viraka viliendelea. Pango la Tethys, lililosifiwa na washairi, lilibomolewa mwaka 1684 kupisha bawa la kaskazini. Kanisa tunaloliona leo, ambalo huhesabiwa kuwa la tano, lilikamilika mwaka 1710, miaka mitano tu kabla mfalme hajafa, na paa lake linajitokeza juu ya kasri kiasi kwamba Saint-Simon, mwandishi wa umbea wa jumba hilo asiyesahau jambo, hakuweza kulisamehe. Ngazi Kuu ya Mabalozi, fahari ya Le Vau na mchoraji Le Brun, ilivunjwa mwaka 1752 kwa amri ya Louis wa 15 aliyetaka vyumba zaidi. Miaka ya 1770 msanifu Ange-Jacques Gabriel akaanza kuubadilisha upande wa mji wote uwe wa mawe. Alimaliza bawa moja, fedha zikakauka. Bawa linalolikabili lilikuja kupata uso unaofanana nalo mwaka 1820, mfalme wa nasaba hiyo akiwa ameshakatwa kichwa na Napoleon akiwa ameshapita. Jengo limeungwaungwa kwa karibu miaka mia mbili, nasi tunalitazama na kuona wazo moja la mtu mmoja.

Na maji je? Hapa ndipo hoja ya amri inapochekesha zaidi. Louis wa 14 aliamuru chemchemi mahali pasipo na mto. Kati ya 1681 na 1684 ilijengwa mashine ya Marly ukingoni mwa Seine, magurudumu 14 makubwa na pampu zaidi ya 200, ili kupandisha maji mlimani kwa hatua. Fundi wake mkuu alikuwa Rennequin Sualem, seremala kutoka Liège ambaye inasemekana hakujua kusoma. Hata hivyo maji hayakutosha kuziendesha chemchemi zote kwa pamoja. Mfalme alipotembea bustanini, wafungua mabomba walipeana ishara kwa filimbi: hii ifunguliwe anapokaribia, ile ifungwe akishaipa kisogo. Alikuwa na mamlaka juu ya kila mtu aliyekuwa akipuliza filimbi zile. Juu ya maji hakuwa nayo.

Akaamuru kubwa zaidi. Mto Eure, ulio umbali wa makumi ya kilomita, uletwe Versailles juu ya matao. Kuanzia 1685 askari kwa makumi ya maelfu walipelekwa kuchimba na kujenga kule Maintenon. Homa za mabwawani ziliwaua wengi, kisha vita vikaanza mwaka 1688 na kazi ikaachwa. Matao hayo yangali yamesimama kwenye bustani ya kasri la Maintenon, hayajawahi kupitisha tone la maji kwenda Versailles. Wale wanaotuletea picha za chemchemi hawatuletei picha hii.

Sasa tuulize mtindo wenyewe ulitoka wapi, kwa sababu hata kiraka huhitaji fundi aliyejifunza mahali fulani. Mtaalamu mkubwa kuliko wote wa karne ile, kwa macho yangu, alikuwa François Mansart, si yule Jules wa Ukumbi wa Vioo. Mwaka 1635 alianza kumjengea Gaston wa Orléans bawa jipya katika kasri la Blois. Gaston alikuwa mdogo wake Louis wa 13 na mrithi mtarajiwa, maana mfalme hakuwa na mtoto. Nguzo za Mansart pale zimepangwa kwa utulivu ambao Versailles haikuufikia kamwe. Mwaka 1638 akazaliwa mtoto wa kiume. Gaston hakuwa mrithi tena, fedha zikakatwa, kazi ikasimama, na ngazi kuu ya ndani ikaja kujengwa katika karne ya 20. Mtoto huyo ndiye Louis wa 14. Jambo la kwanza aliloufanyia usanifu wa nchi yake, akiwa angali mtoto mchanga, ni kuusimamisha.

Mansart mwenyewe hakuwa mtu wa amri. Alikuwa mbishi, mghali, mwenye kubomoa alichokwisha kukijenga akipata wazo bora. Mwaka 1651 kilichapishwa kijitabu cha kumkashifu kwa ubadhirifu. Kwenye kanisa la Val-de-Grâce alinyang'anywa kazi baada ya mwaka mmoja tu, kwa sababu fedha zilikuwa zikimezwa na misingi: chini ya kiwanja kulikuwa na mapango ya machimbo ya mawe, yale yale mawe yaliyoijenga Paris. Na alipoombwa michoro ya Louvre alileta mingi akakataa kujifunga kwa mmoja. Waziri mwenye haraka angemwona mtu huyu ni balaa. Lakini hiyo ndiyo akili iliyoufundisha usanifu wa Ufaransa jinsi ya kukaa wima bila kupiga kelele.

Na kasri la Vaux-le-Vicomte? Mwenye kasri hilo, Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za dola, ndiye aliyewakutanisha kwa mara ya kwanza kwa kazi kubwa Le Vau msanifu, Le Brun mchoraji na Le Nôtre wa bustani. Kazi za uashi alizichukua Michel Villedo, mwana wa mkoa wa Creuse ambako vijana walikuwa wakitembea kwa miguu hadi Paris kutafuta kibarua cha ujenzi. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimwalika mfalme kwenye karamu. Tarehe 5 Septemba akakamatwa. Mfalme akachukua watu wake watatu, akachukua hata miti ya michungwa. Hata tukikubali kwamba fedha za Fouquet hazikuwa safi, na sidhani zilikuwa safi, ukweli unabaki kuwa kundi la Versailles liliundwa na tajiri mwenye ladha, na dola likalipora likiwa limeshaiva.

Lakini kisa ninachotaka wapenda amri wakisome taratibu ni cha Louvre. Mwaka 1665 mfalme alimwita Bernini kutoka Roma, msanii mashuhuri kuliko wote Ulaya, ajenge uso wa mashariki wa kasri la Paris. Alipokewa kama balozi. Akachora jengo la fahari. Colbert akaanza kuuliza maswali: chakula cha mfalme kitapita wapi kutoka jikoni, watumishi watalala wapi, vyoo viko wapi, mfalme atalindwaje siku ya ghasia. Bernini alikasirika kwamba anaulizwa habari za vyoo na mifereji. Mfalme aliweka jiwe la msingi tarehe 17 Oktoba 1665, Bernini akaondoka siku chache baadaye, na mradi ukafa polepole hadi mwaka 1667. Neno la mfalme lilikuwepo, jiwe la msingi likawepo, jengo halikuwepo.

Kilichofuata ni kamati. Ndiyo, kamati, neno ambalo wenzetu hawataki kulisikia. Mwaka 1667 Colbert aliwaweka mezani Le Vau, Le Brun na Claude Perrault, kaka yake yule karani. Perrault huyu alikuwa daktari wa binadamu na mpasuaji wa wanyama; inasimuliwa kwamba alikufa mwaka 1688 kwa maambukizi aliyoyapata akimpasua ngamia. Nani hasa alichora safu ya nguzo ya Louvre? Hadi leo wanahistoria wanavutana: Perrault, Le Vau, au François d'Orbay aliyekuwa msaidizi wa Le Vau. Boileau, mshairi mwenye ulimi mkali, alimkebehi Perrault kuwa daktari aliyeacha kuua wagonjwa akaingia ujenzi. Uso uliosifiwa zaidi katika usanifu wa klasiki wa Ufaransa hauna baba mmoja anayekubaliwa na wote, na nadhani ndiyo maana ulifanikiwa.

Utazame kwa jicho la fundi. Nguzo zimesimama mbili mbili, zimejitenga na ukuta, na kati ya jozi na jozi pana uwazi mkubwa. Jiwe haliwezi kulala juu ya uwazi huo kama linta moja. Litavunjika kwa uzito wake. Kwa hiyo linta zile si mawe mazima, ni vipande vilivyokatwa kwa umbo la kabari na kubanana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa kuwa kabari husukuma kwenda pembeni, vimefungwa kwa nondo zinazopita ndani ya mawe zisionekane. Mtalii anaona hekalu la Kirumi. Ndani yake kuna mfumo wa chuma ambao Mrumi angeushangaa. Msanifu Pierre Patte aliueleza kwa michoro katika karne iliyofuata, na ndiyo maana wengine wetu tunaona safu hiyo iko karibu zaidi na jengo la nondo na zege linaloinuka leo Kariakoo kuliko ilivyo karibu na Roma.

Kisha mfalme akahamisha moyo wake. Colbert alishamwandikia tangu Septemba 1665 kumsihi asiitelekeze Louvre kwa ajili ya nyumba ya starehe. Hakusikilizwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1670 fedha zilielekea Versailles, na safu ile ya nguzo ikaachwa bila paa kwa zaidi ya nusu karne, vibanda na nyumba vikajengwa kuizonga nje na ndani ya ua. Mvua iliingia. Waliokuja kuiokoa katikati ya karne ya 18 ni wasanifu na waandishi waliopiga kelele hadharani kwamba ni aibu. Kelele za raia, jamani, ndizo zilizoleta paa.

Wapo watakaosema: sawa, mfalme alikuwa na mapungufu, lakini alileta kanuni. Aliunda Akademia ya Kifalme ya Usanifu mwaka 1671, na baada ya hapo kila kitu kikafuata sheria. Ningependa mtu huyu asome kumbukumbu za vikao vya Akademia hiyo. Mojawapo ya maswali ya mwanzo kabisa waliyojiuliza, chini ya mkurugenzi François Blondel, ni ladha njema ni nini. Jibu lao, kwa kifupi, ni kwamba ladha njema ni kile kinachowapendeza watu wenye akili. Wenye akili ni nani? Wenye ladha njema, bila shaka.

Kisha Colbert akafanya kosa zuri: akamtuma kijana Antoine Desgodets kwenda Roma kupima magofu ya kale ili kanuni zipate ushahidi. Safarini, mwaka 1674, Desgodets na wenzake walitekwa na maharamia wa Afrika ya Kaskazini wakakaa mateka kwa zaidi ya mwaka. Mmoja wao, d'Aviler, inasemekana alichora msikiti Tunis akiwa kifungoni. Walipokombolewa, Desgodets alifika Roma, akapima, na mwaka 1682 akachapisha kitabu chenye vipimo vya uangalifu wa ajabu. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba majengo ya Warumi hayakubaliani na vitabu vya kanuni, wala hayakubaliani yenyewe kwa yenyewe.

Claude Perrault akalichukua hilo akalifikisha mwisho. Katika kitabu chake cha mwaka 1683 kuhusu aina tano za nguzo alidai kwamba uwiano wa sehemu za nguzo si sheria ya maumbile. Tunaupenda kwa mazoea, kama tunavyozoea mitindo ya mavazi ya watu tunaowaheshimu. Uzuri usiobishaniwa, alisema, ni ule wa utajiri wa mali iliyotumika, ukubwa wa jengo, ufundi safi na ulinganifu. Blondel aliona huo ni ukafiri. Alishazipinga nguzo zile za jozi kwa kuwa wa kale hawakuzijenga hivyo, na Perrault alimjibu kwamba Wafaransa wanapenda uwazi na mwanga, na kwamba katika hilo wana ladha ya wajenzi wa makanisa ya kale ya Kigothi. Mtu aliyekaa kwenye kamati ya Louvre ya mfalme alikubali hadharani kwamba urithi uliodhaniwa umezikwa ulikuwa hai chini ya nguzo za Kirumi. Hakufungwa wala hakufukuzwa. Walibishana, wakachapisha, wakabishana tena.

Ikiwa kuna jambo moja la Akademia ninalolionea wivu, ni la mwaka 1678. Colbert aliwaagiza wasanifu wale waache nadharia kidogo, watoke wakakague mawe. Wakazunguka makanisa na majengo ya zamani ya Paris na maeneo ya jirani, wakayatembelea machimbo, wakaandika ni jiwe lipi limeoza, lipi limestahimili baridi na unyevu, na lilichimbwa wapi. Wenye vyeo vya kifalme wakigonga kuta kwa vidole na kuwauliza wachimbaji! Hapa natoa sifa kwa dola bila kinyongo. Lakini dola hapa halikuwa likiamuru, lilikuwa likiuliza.

Watanijibu kwa hoja ya fedha: bila hazina ya mfalme, je, haya yangekuwepo? Mengi yasingekuwepo, nakubali. Ila hazina hiyo hiyo ilikuwa ikibomoa kwa mkono wa kushoto. Fanicha za fedha tupu zilizojaa Ukumbi wa Vioo ziliyeyushwa mwishoni mwa 1689 kulipia vita. Uwanja tunaouita leo Place Vendôme ulianzishwa mwaka 1685 na waziri Louvois uwe makao ya maktaba ya mfalme na akademia. Louvois alikufa mwaka 1691, vita vikamaliza fedha, na mwaka 1699 ardhi ikakabidhiwa jiji. Hardouin-Mansart akachora uwanja mpya, na zikajengwa kwanza nyuso za nyumba tu. Kuta zenye nguzo na madirisha, nyuma yake hewa. Wenye fedha wakanunua vipande vya ardhi nyuma ya madirisha na kujenga kila mmoja alivyoweza, na vipande vya mwisho vilikuja kujazwa karibu na 1720. Sanamu ya mfalme juu ya farasi ilizinduliwa katikati mwaka 1699, ikitazamana na kuta zisizo na nyumba. Sijui picha bora zaidi ya utawala wa amri, na haihitaji maelezo yangu.

Kwa jirani zetu somo hili liligharimu zaidi. Mobutu alijenga Gbadolite, kaskazini mwa Kongo, mahali palipokuja kuitwa Versailles ya msituni: makasri, marumaru, uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha ndege ya Concorde. Mwaka 1997 majeshi ya waasi wa AFDL, wengi wao wakizungumza Kiswahili, yalipofika, palibebwa kila kilichobebeka. Leo miti inaota vyumbani. Gbadolite ilipata kile wapenda amri wanachokitamani: mtu mmoja, kauli moja, hakuna waziri wa kuuliza vyoo viko wapi wala daktari wa kubishana na mkurugenzi. Iliiga kuta ikasahau ubishi uliozisimamisha.

Kuna jengo moja la mwisho. Louis wa 15 aliugua mjini Metz mwaka 1744 akaweka nadhiri: akipona atamjengea Mtakatifu Geneviève, mlinzi wa Paris, kanisa jipya. Akapona. Fedha za nadhiri ya mfalme zilitafutwa kwa bahati nasibu. Tiketi zilipandishwa bei na ziada ikapelekwa kwenye ujenzi. Jacques-Germain Soufflot, aliyeteuliwa mwaka 1755, alitaka kuunganisha wepesi wa makanisa ya Kigothi na utukufu wa Ugiriki. Siku ya kuweka jiwe, tarehe 6 Septemba 1764, jengo lilikuwa halijainuka, hivyo veranda nzima ya nguzo ilichorwa kwenye turubai kwa ukubwa wake halisi ili mfalme aone kitu.

Kilichojengwa baada ya turubai ni ajabu ya uhandisi. Linta za veranda zimejaa nondo. Juu, nyuma ya ukuta wa ukingo wa paa usiokuacha uone, yapo matao ya kuegemeza yale yale ya makanisa ya Kigothi, yamefichwa ili hekalu lionekane la kale. Mwaka 1770 Patte alichapisha hoja kwamba nguzo za ndani ni nyembamba mno kwa kuba. Badala ya kumnyamazisha, upande wa Soufflot ulijibu kwa hesabu za mhandisi Gauthey na kwa mashine ya kuponda mawe, vipande vya jiwe vikibanwa hadi vipasuke ili ijulikane kila aina inabeba uzito gani. Hivyo ndivyo jiwe huulizwa.

Lakini nyufa zilitokea kweli, kuanzia miaka ya 1770. Sababu yake naipenda kwa jinsi inavyouma. Waashi walitakiwa kutoa viungo vyembamba sana usoni, mstari safi usioonekana. Ili mawe yabanane kwenye ukingo, walichonga sehemu ya ndani ya kila jiwe ikabonyea kidogo na kuacha nafasi. Uzito wa kuba ukakaa kwenye kingo tu, zikameguka. Tamaa ya kuonyesha utaratibu kamili usoni ndiyo iliyolipasua jengo kwa ndani.

Louis wa 15 alifariki mwaka 1774 akiwa hajaliona kuba. Soufflot alifariki 1780. Msanifu Jean-Baptiste Rondelet alilikamilisha mwaka 1790, mfalme mpya akiwa ameshatolewa Versailles. Mwaka uliofuata wabunge wakaligeuza kuwa Panthéon, makaburi ya watu mashuhuri wa taifa, na madirisha yake mengi yakazibwa kwa ukuta. Nguzo zilikuja kuimarishwa miaka ya mwanzo ya karne ya 19, Napoleon akiwa mtawala. Mfalme, Jamhuri, kisha mfalme mkuu: kila utawala ulipoingia ulimkuta Rondelet kwenye jukwaa lake la mbao, akishughulikia nyufa zile zile.